Kompyuta Arobaini za Kwemdulu

Zabron Shemhina alichaguliwa kutoa neno la shukrani kwa wafadhili kwa sababu ni mtu mkimya. Mwalimu Mkuu alilisema hilo waziwazi mbele ya kamati ya shule: mzee Zabron hana maneno mengi, atashukuru na kukaa. Kamati ikakubali. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu mkimya naye huwa ana jambo moyoni.

Ni seremala. Shule aliiacha darasa la nne, mwaka aliofiwa na baba yake, akashika jembe. Baadaye alikwenda Bumbuli kwa fundi mmoja mzee aliyemfundisha randa na patasi, na tangu arudi kijijini kwetu Kwemdulu, karibu kila mlango unaofungwa sawasawa huku ni wa mkono wake. Kusoma anasoma, ila polepole, kidole kikifuata mstari. Ndiyo maana aliposikia kwamba watoto wa Kwemdulu wataletewa kompyuta, alifurahi kuliko wengi. Binti yake wa mwisho, Dotto, alikuwa darasa la nne mwaka huo, na Zabron alishasema mara nyingi kwamba mtoto huyu hataishia pale alipoishia yeye.

Habari za kompyuta zililetwa na Bwana Martin, mratibu wa shirika la wafadhili lenye ofisi yake Tanga mjini. Alikuja na gari jeupe, akaitisha mkutano wa wazazi, akatuonyesha picha. Kompyuta zenyewe ni ndogo, alisema, za bei nafuu, zimetengenezwa maalumu kwa watoto wa maskini. Zinaweza kuanguka zisivunjike, na zinachajiwa kwa sola. Shirika litatoa kompyuta arobaini na paneli ya sola. Wananchi kazi yao ni kujenga chumba na kutengeneza meza.

Basi tukajenga. Ninaposema tukajenga sizungumzii michango ya kukaa ofisini. Wanawake walichota mchanga mtoni na kuupandisha mlima kwa ndoo, asubuhi kabla ya kwenda shamba. Zuhura, mama wa watoto watano anayelima karoti na kabichi upande wa bondeni, alibeba mchanga akiwa na mimba ya miezi saba, na alipoambiwa apumzike alijibu kwamba mtoto aliye tumboni naye atakuja kuisoma hiyo kompyuta. Wanaume walipasua mawe. Zabron aliangusha migrivea miwili mikubwa aliyokuwa ameitunza mpakani mwa shamba lake, akaipasua mbao, akatengeneza meza ishirini bila kudai hata ujira wa msumari. Kabla ya kuanza alikwenda darasa la tatu, akaomba wasimame watoto wafupi kuliko wote, akawapima kutoka kisigino hadi goti. Hakutaka mtoto akae miguu ikining'inia.

Kompyuta zilifika mwezi wa saba, siku ya ukungu mzito. Walikuja Wazungu wanne na Bwana Martin, magari matatu. Watoto walipangwa mistari tangu saa moja asubuhi wakitetemeka kwa baridi, na wageni wakafika saa tano. Watoto wakagawiwa kompyuta mikononi, mmoja mmoja, wakapigwa picha. Wakaambiwa wazifungue, wakapigwa picha tena. Hazikuwa na chaji. Dotto alirudi nyumbani akamweleza baba yake kwamba ameshika kompyuta, ni ya kijani, ni nyepesi kuliko mtoto mchanga wa Zuhura, na amebonyeza herufi ya D lakini haikutokea kitu. Baada ya picha zikarudishwa kwenye maboksi, maboksi yakapelekwa chumbani juu ya meza mpya, na Mwalimu Mkuu, Mwalimu Selemani, akafunga kufuli akatia ufunguo mfukoni.

Wazazi tulisubiri. Mara ya kwanza tuliambiwa walimu lazima wapate mafunzo kwanza. Likaja jibu la pili, kwamba paneli ya sola imefungwa kwa muda juu ya nyumba ya Mwalimu Mkuu, maana pale shuleni ingeibwa. Muda huo haukuisha. Taa zikawaka kwa Mwalimu Mkuu, na simu za jirani zake zikachajiwa, na chumba cha kompyuta kikabaki giza. Mvua za vuli zikapita, Krismasi ikapita, masika yakaja na maporomoko yake, na kufuli lilikuwa palepale.

Siku moja mwezi wa tano Zabron alikuwa karakanani kwake akipiga randa ubao wa kitanda. Dotto alikuwa amekaa chini na kipande cha plaiwudi, amechora juu yake kwa mkaa vijisanduku vingi vyenye herufi, naye anavigonga kwa vidole vyote kumi, macho ameyafumba, midomo ikienda. Baba akamuuliza anacheza nini.

Mtoto akamwambia hachezi, anajisomea. Kesho kuna jaribio la TEHAMA. Mwalimu Beatha amechora kibodi ubaoni kwa chaki, na kila mwanafunzi amechora ya kwake kwenye daftari, na wanafundishwa kuandika kwa kugonga karatasi. Dotto yeye daftari lake limejaa, ndiyo maana ametumia plaiwudi.

Zabron akaweka randa chini. Akauliza hilo darasa wanalosomea liko wapi. Dotto akamwambia ni lilelile la siku zote, lililopakana na chumba cha kompyuta.

"Mmeshaingia humo?"

"Hapana, baba. Mwalimu Mkuu alisema atakayegusa huo mlango atachapwa."

Zabron ameniambia mwenyewe kwamba siku ile hakuweza kuendelea na kazi. Fikiria na wewe. Watoto themanini na watatu wa darasa la tano, watatu watatu kwenye dawati, wengine sakafuni, wanagonga karatasi. Upande wa pili wa ukuta wa tofali moja kuna kompyuta arobaini zilizoletwa kwa jina lao. Ukuta huohuo tuliujenga sisi.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Mwalimu Selemani. Walisalimiana vizuri. Zabron akamweleza alichokiona, akauliza lini watoto wataanza kutumia kompyuta. Mwalimu Selemani akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba vile ni vifaa vya thamani, na watoto wa huku mikono yao imezoea jembe.

"Zikiharibika, mzee wangu, nitajibu nini mimi? Bora zikae salama."

"Mwalimu, zililetwa zikae salama au zililetwa zisomewe?"

Mwalimu Selemani akasema suala hilo litapelekwa kwenye kikao. Halikupelekwa.

Mwezi wa tisa ikaja taarifa kwamba wageni wanarudi kufanya tathmini, kuona jinsi kompyuta zilivyobadilisha maisha ya watoto. Shule ikaamka. Kuta zikapakwa chokaa. Paneli ikashushwa kutoka kwa Mwalimu Mkuu, ikapandishwa juu ya chumba, kazi ya siku moja tu. Watoto kumi wenye sare nzima wakachaguliwa, Dotto hakuwemo, wakafundishwa kwa siku mbili kuwasha kompyuta na kuandika sentensi moja ya Kiingereza. Na Zabron akaitwa azipake meza vanishi upya.

Alifunguliwa mlango akaachwa peke yake. Ili apake meza ilibidi ayahamishe maboksi. Boksi la kwanza akalinyanyua, la pili, la tatu. Mkono wa seremala unajua uzito. La tatu halikuwa sawa na la kwanza. Akalifungua. Ndani mlikuwa na magazeti ya zamani yaliyokunjwa, na juu ya magazeti daftari la mahudhurio la mwaka uliopita. Akafungua jingine, nalo magazeti. Akafungua yote. Yenye kompyuta yalikuwa kumi na manne. Maboksi ishirini na sita yalikuwa na makaratasi.

Alitoka nje akasimama dirishani kwa darasa la tano, akamwita Mwalimu Beatha. Huyu Beatha ni binti wa watu, mwenyeji wa upande wa Amani, amehitimu ualimu na hajaajiriwa. Alikuwa anajitolea shuleni kwetu, wazazi tukimchangia maharage, viazi na kijifedha kidogo, na tulikuwa tunampenda. Alipoona yale makaratasi alikaa juu ya meza. Kisha akasema kwamba magazeti hayo hakuyajua, ila alishaona Bwana Martin akitoka na kompyuta nane akisema ni za mafunzo ya walimu, na mafunzo hayakuwahi kufanyika. Mbili ziko nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Watoto wake wanasoma shule ya kulipia huko mjini na wanazitumia wakija likizo. Nyingine ameona zikipewa watu wenye kauli hapa kijijini. Zilizobaki hakujua. Alimwomba Zabron asimtaje, maana akitajwa atafukuzwa, na Zabron akamwahidi.

Mtu mwingine angepiga kelele hapohapo. Zabron alifikiri kwamba akisema leo, kesho maboksi yatajazwa kompyuta za kuazima, na wageni wakiondoka yatarudia magazeti. Akapaka vanishi meza zote ishirini, akayarudisha maboksi yalivyokuwa, akaaga. Jioni alimsimulia mkewe, Eliza, peke yake. Eliza ni mtu wa kwaya na sala, asiyependa ugomvi, lakini naye alibeba mchanga. Alimwambia mumewe asizungumze kwa hasira siku hiyo, maana ukizungumza kwa hasira watu husikia hasira tu. Aseme kilichomo na kisichomo.

Siku ya wageni jua lilitoka. Waliletwa wawili, mzee mmoja mwenye mvi na mama mmoja mrefu, na Bwana Martin akiwa mkalimani. Walipelekwa chumbani, wakawaona watoto kumi wakiandika ile sentensi yao. Maboksi yalikuwa yamepangwa nyuma vizuri, yamefunikwa kwa kitenge. Kisha tukakusanyika wote uwanjani, zikaimbwa nyimbo, Mwalimu Mkuu akasoma risala, na ikafika zamu ya neno la shukrani.

Zabron alisimama akavua kofia. Aliongea Kiswahili taratibu, akisimama kila baada ya sentensi ili Bwana Martin atafsiri.

"Nawasalimu. Mimi ndiye niliyetengeneza zile meza. Mwanangu yuko darasa la tano. Tangu mlipoleta kompyuta hajaigusa hata moja, ila siku ile ya picha. Wanafundishwa kwa kuchora kwenye karatasi. Kule ndani maboksi ni arobaini, kompyuta ni kumi na nne. Mengine yana magazeti. Naomba mkaangalie kwa macho yenu."

Sisi wazazi tulikauka. Mwalimu Selemani alikuwa anaangalia viatu vyake. Bwana Martin, hata jasho halikumtoka, alitafsiri sentensi moja moja kwa sauti ya furaha, mkono akiufungua kuelekea milimani. Alipomaliza, yule mama mrefu akaweka mkono kifuani, akatabasamu, na wote wawili wakapiga makofi. Wakamwinamishia kichwa Zabron kwa upendo kabisa.

Zabron hajui Kiingereza. Lakini alijua kwamba hakuna mtu anayepigia makofi boksi lenye magazeti. Alibaki amesimama na kofia yake mkononi.

"Wanapiga makofi ya nini?" akauliza.

Bwana Martin akamwambia asante mzee, kaa. Zabron hakukaa. Akauliza tena swali lilelile kwa sauti ileile.

Ndipo Mwalimu Beatha aliposimama kutoka kwenye benchi la walimu. Hakuna aliyemtuma. Alizungumza na wageni kwa Kiingereza, maneno machache kwanza, kisha mengi. Tulielewa mawili tu, kwa sababu aliyatamka huku akionyesha kwa vidole: arobaini, na kumi na nne. Bwana Martin alijaribu kumkatiza, yule mzee wa mvi akamzuia kwa mkono. Beatha alipomaliza alitugeukia, akatueleza kwa Kiswahili alichokuwa amesema Bwana Martin. Alikuwa amewaambia wageni kwamba mzee huyu anasema binti yake hulala akiota kompyuta, kwamba kijiji kizima kinamshukuru Mungu kwa ajili yao, na kwamba anawaombea safari njema.

Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakiibiwa mazao, wakiibiwa mipaka ya mashamba, wakiibiwa kura. Sikuwahi kuona mtu akiibiwa maneno mdomoni, mchana, mbele ya watoto wake.

Wageni walikwenda chumbani. Zabron akatoa kitenge, akafungua maboksi moja baada ya jingine. Bwana Martin akaeleza kwamba zilizokosekana ziko kwenye matengenezo, na Mwalimu Selemani akaitikia. Zuhura, mtoto mgongoni, akauliza kama magazeti nayo yako kwenye matengenezo. Yule mzee aliandika sana kwenye kijitabu chake, akampa Zabron mkono kwa muda mrefu, akampa na Beatha. Wakaondoka bila kugusa wali waliopikiwa. Siku hiyo tulirudi majumbani tukiamini kwamba haki imeonekana.

Baada ya wiki tatu ikaja barua. Mradi umesitishwa katika shule ya Kwemdulu, ilisema, kwa sababu jamii haijaonyesha ushirikiano na mazingira ya utekelezaji si rafiki. Nyuma ya barua likaja gari kuchukua kompyuta kumi na nne zilizobaki, pamoja na paneli. Aliyekaa kiti cha mbele, miwani ya jua usoni, alikuwa Bwana Martin. Hakuguswa. Mwalimu Selemani naye hakuguswa, na zile mbili za nyumbani kwake hazikuulizwa. Aliyeondolewa ni Mwalimu Beatha, aliyeambiwa kwamba shule haihitaji tena msaada wake. Darasa la tano likakaa bila mwalimu wa TEHAMA, bila hata ile kibodi ya chaki.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama kompyuta za wafadhili zinawafikia watoto wa maskini, mimi najibu kwamba zilifika Kwemdulu. Zilifika hatua nane kutoka mlango wa darasa. Hatua nane hizo ndizo zilizowashinda watu wenye magari.

Na wapo waliomlaumu Zabron. Sokoni, mtu na akili zake alimwambia kwamba amefukuza wafadhili, na kwamba kompyuta kumi na nne za kufungiwa ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Zuhura ndiye aliyemjibu, kwa Kishambaa na kwa urefu, hadi yule mtu akaacha kabichi alizokuja kununua akaenda zake.

Siku Mwalimu Beatha alipoondoka, Zabron alimbebea sanduku hadi barabarani, ambako lori la kabichi lingempa lifti mpaka Soni. Eliza alikuwa amemfungia maharage na mkate wa ndizi. Zabron akamwomba radhi, kwamba aliahidi kutomtaja na hakumtaja, lakini imekuwa hivi.

"Hukunitaja, mzee wangu. Nilijitaja mwenyewe," Beatha akasema. Kisha akamwambia jambo ambalo Zabron hakuwa amelifikiria: orodha ya kompyuta zote arobaini, namba kwa namba, ipo katika ofisi ya shirika, na mzazi yeyote ana haki ya kuiomba.

Jumatatu iliyofuata Zabron alishuka mlima hadi Tanga. Alivaa suti yake ya kanisani. Dada wa mapokezi alimwamkia shikamoo, akamwambia mhusika hayupo, arudi wiki ijayo. Alirudi. Mhusika alikuwa kwenye semina. Alirudi tena na Zuhura, na safari ya nne wakawa wazazi watano, wamekaa kwenye viti vya mapokezi wamenyooka kama wako msibani. Safari hiyo alitoka kijana mmoja mwenye tai, akamtazama Zabron kuanzia viatu, akamuuliza yeye ni nani hasa katika mradi huu.

"Mimi ni mzazi wa mtoto mliyeandika kwamba mmempa kompyuta," Zabron akamwambia. "Sikuja kuomba. Nataka kujua ziko wapi ishirini na sita."

Kijana akasema maombi hayo lazima yawe ya maandishi. Zabron akaomba karatasi. Akakaa mezani kwa dada wa mapokezi, akaandika mwenyewe, herufi moja moja, watu wakimpita wakiingia na kutoka, na ilimchukua karibu saa nzima. Akawapa wenzake watie sahihi, akadai nakala yenye muhuri, akaikunja akaitia mfukoni. Jibu halijaja. Wiki ijayo anashuka tena, na safari hii tunashuka naye watu kumi na wawili.